Simu Imepigwa, Rekodi Haionekani

Jumatatu saa mbili asubuhi, msimamizi wa kituo cha huduma kwa wateja anafungua ripoti ya wiki iliyopita. Ripoti inasema Ijumaa zilipokelewa simu 140. Wahudumu wanaapa kwamba siku hiyo hawakupata hata nafasi ya kunywa chai. Mteja mmoja amekwishaleta malalamiko kuwa alipiga mara tatu, lakini kwenye mfumo wa wateja jina lake halina simu hata moja. Fundi wa mtambo wa simu anasema seva ni nzima. Anayetunza mfumo wa wateja anasema kwao hakuna kilichobadilishwa. Kila mmoja anasema kweli, na simu hazipo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeitwa hapo katikati. Nitatumia mfano wa Asterisk, programu huria ya simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Ofisi nyingi huitumia bila kujua, kwa kuwa imejificha chini ya FreePBX na bidhaa nyingine. Kama mtambo wenu ni mwingine, majina ya mafaili yatakuwa tofauti, ila namna ya kutafuta ni hiyo hiyo.

Usianzie kwenye ripoti

Kifurushi kikipotea kati ya Dar es Salaam na Mwanza, mtu mwenye busara haanzi kwa kupekua stoo ya Mwanza. Anauliza: kilipakiwa basi gani? Morogoro kilionekana? Dodoma je? Singida? Simu nayo ina vituo vyake. Inatoka kwa kampuni ya simu, inaingia kwenye seva yenu, inasikiliza ile sauti ya "bonyeza moja", inakaa foleni, inamfikia mhudumu, inakatwa. Ikishakatwa, seva inaandika rekodi yake, ile ambayo mafundi huiita CDR, kwenye hifadhidata. Programu kiungo inaichukua rekodi na kuipeleka kwenye mfumo wa wateja. Mfumo wa wateja unaangalia namba ni ya nani, unaibandika simu kwa mwenyewe, na mwisho wa yote ripoti inahesabu. Ripoti ndiyo Mwanza.

Kwa hiyo chukua simu moja. Ndiyo, moja. Ukianza na simu mia zilizopotea utapata nadharia mia. Iliyo bora ni ile uliyoipiga mwenyewe kwa simu yako ya mkononi, na karatasi ikiwa mbele yako. Andika namba uliyopigia, saa mpaka sekunde, ulibonyeza nini, nani alipokea, mlizungumza kwa muda gani, nani alikata. Kisha ifuate kituo kwa kituo. Pale ilipoonekana mara ya mwisho na pale ilipokosekana mara ya kwanza, kosa liko katikati yake.

Kituo cha kwanza hakichukui muda. Fungua programu ya sngrep kwenye seva, piga, utaona ujumbe wa SIP ukipita, kwa kawaida kupitia mlango wa 5060. Usipoona kitu, simu haijafika kwenu na suala ni la kampuni ya simu. Waombe orodha yao ya siku hiyo mlinganishe. Lakini kabla ya kuwapigia, waulize wahudumu swali moja la aibu: je, kuna wanaowapigia wateja kwa simu zao wenyewe pale mtambo unapokuwa mzito? Simu ya namna hiyo haijapotea, haikuwahi kupita kwenye seva.

Seva inaandika nini, na haiandiki nini

Ingia kwenye dirisha la amri la Asterisk na uandike "cdr show status". Utaambiwa kama uandishi wa rekodi umewashwa na unapelekwa wapi. Kama uandishi wa faili la CSV umewashwa, tafuta simu yako ya majaribio kwenye /var/log/asterisk/cdr-csv/Master.csv, kisha uitafute kwenye jedwali la hifadhidata. Ikiwa kwenye faili ipo na kwenye jedwali haipo, tatizo ni uhusiano wa seva na hifadhidata: nenosiri limebadilishwa, huduma imezimika, au diski imejaa. Hilo la diski usilidharau. Sauti za simu zilizorekodiwa hula nafasi kimyakimya, na siku diski inapojaa simu zinaweza kuendelea kupigwa kama kawaida huku hakuna kinachoandikwa. Amri ya "df -h" inachukua sekunde moja; ianze hiyo.

Halafu fungua faili la cdr.conf. Kuna mstari uitwao batch. Ukiwashwa, seva haiandiki kila rekodi papo hapo, bali inazikusanya kwenye kumbukumbu ya muda na kuziandika kwa mkupuo, kwa mfano zikifika 100 au zikipita sekunde 300. Inapunguza kazi ya hifadhidata, ni kweli. Lakini umeme ukikatika katikati, mzigo wote uliokuwa haujaandikwa umekwenda. Kwa kituo chenye simu mia chache kwa siku sioni sababu ya kuuwasha.

Mstari mwingine ni unanswered, nao kwa desturi umewekwa "no". Maana yake ni kwamba simu isiyojibiwa, ambayo haikuwahi kuelekezwa kwa mtu wa upande wa pili, haiandikiwi rekodi. Aliyebuni hivyo pengine aliona ni takataka. Kwetu sisi si takataka. Watu wetu wanabipu. Mteja asiye na salio la kutosha anapiga, simu inaita mara moja, anakata, na anangoja apigiwe. Kama mtambo wenu unaiacha simu iite sekunde kadhaa kabla ya kuipokea kwa sauti ya kukaribisha, mteja huyo amekuja mlangoni, amebisha hodi na kuondoka, na daftari halina habari zake. Washa mstari huo, pakia upya mipangilio, jaribu kubipu mwenyewe, uone.

Sasa lile linalowachanganya watu kuliko yote. Neno ANSWERED kwenye rekodi ya Asterisk halimaanishi kwamba mhudumu alipokea. Linamaanisha kuwa simu ilipokelewa na kitu fulani, na mara nyingi kitu hicho ni mashine. Mteja anapiga, sauti ya kukaribisha inapokea, anawekwa foleni, anasikiliza muziki dakika nne, anachoka, anakata. Rekodi itasema ANSWERED, na safu ya billsec, ambayo huanza kuhesabu simu inapopokelewa, itaonyesha sekunde zaidi ya 240. Mkurugenzi akisoma atafurahi kwamba mteja alihudumiwa kwa dakika nne nzima. Hakuzungumza na mtu.

Habari za foleni ziko kwingine, kwenye faili la /var/log/asterisk/queue_log. Humo kila tukio lina mstari wake: ENTERQUEUE mteja anapoingia foleni, RINGNOANSWER simu ya mhudumu inapoita bila kupokelewa, CONNECT anapounganishwa na mhudumu, ABANDON anapokata tamaa, COMPLETEAGENT au COMPLETECALLER mazungumzo yanapokwisha, kutegemea ni nani aliyekata. Ikiwa ripoti yenu inahesabu simu "zilizopokelewa" kutoka kwenye CDR peke yake, basi haijapoteza data. Inasoma daftari lisilo lake.

Simu iliyohamishwa nayo ina mambo yake. Mhudumu wa kwanza anaipokea, anaipeleka kwa idara ya malipo, idara inaipeleka kwa msimamizi, na kwenye jedwali mnakuta mistari kadhaa. Programu kiungo iliyoandikwa kwa haraka inachukua mstari mmoja na kuitupa mingine, kwa hiyo anayeonekana ni mtu mmoja tu. Kila njia ya simu hupewa kitambulisho kiitwacho uniqueid, kitu kama 1718000000.245. Tarakimu za kabla ya nukta ni sekunde zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1970. Hizo hapo ni Juni 10, 2024, saa tatu na dakika 13 asubuhi kwa saa zetu. Kitambulisho kingine, linkedid, ndicho kinachofanana kwa mistari yote ya mazungumzo yale yale. Jedwali lenu lisipokuwa na safu ya linkedid, liongezeeni. Bila hiyo kuunganisha mistari ni kubahatisha.

Saa sita za tofauti, na saa tatu nyingine

Mteja anasema: "Nilipiga jana saa mbili." Fundi kijana anafungua jedwali na kutafuta 02:00. Hakuna kitu. Anamjibu msimamizi kwamba mteja anasema uongo. Mteja alimaanisha saa mbili usiku, na kwenye jedwali hiyo ni 20:00. Nimeshuhudia ubishi wa siku mbili ukimalizwa na swali moja tu: saa mbili ya asubuhi au ya usiku?

Kosa la pili la saa ni la mashine. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Mara nyingi seva ya simu imewekwa saa za hapa, na mfumo wa wateja ulioko kwenye seva za nje unatunza UTC. Tafsiri ikifanyika vizuri hakuna shida. Isipofanyika, kila simu inarudi nyuma saa tatu, na zile zilizopigwa kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri zinaangukia siku iliyotangulia. Kituo kinachofanya kazi mchana tu kinaweza kukaa mwaka bila kugundua, kwa kuwa jumla ya siku iko sawa. Siku mnapoanza zamu ya usiku ndipo hesabu inagoma. Dalili yake ni nyepesi: jumla ya wiki inakubali, jumla ya kila siku inakataa.

Na hakikisha seva zote zinachukua saa mahali pamoja, kwa kutumia chrony au huduma nyingine ya NTP. Seva mbili zikitofautiana dakika mbili, kulinganisha kumbukumbu zake kunakuwa kama kusikiliza mashahidi wawili waliokuwa kwenye sherehe tofauti.

Kiungoni ndipo zinapopotelea nyingi

Kwa uzoefu wangu, simu ikishaandikwa vizuri kwenye seva na isionekane kwenye mfumo wa wateja, mara nyingi mkosaji ni programu kiungo. Nayo hufanya kazi kwa njia mbili kuu, na kila moja ina ugonjwa wake.

Njia ya kwanza ni kusikiliza. Kiungo kinajiunga na Asterisk kupitia mlango wa 5038, uitwao AMI, na kila tukio la simu linatangazwa humo. Angalia manager.conf kama akaunti ya kiungo ina ruhusa ya kusoma "cdr" na "call", na cdr_manager.conf kama utangazaji wa rekodi umewashwa, maana kwa desturi umezimwa. Amri ya "manager show connected" itakuonyesha nani amejiunga saa hiyo. Ugonjwa wa njia hii ni kwamba tangazo likipita limepita. Kiungo kikikatika dakika kumi kwa sababu ya mtandao, matukio ya dakika hizo hayangojwi wala hayarudiwi. Kwa hiyo mkiona shimo safi kwenye data, kutoka dakika fulani hadi dakika fulani, tafuteni kilichozimika muda huo: seva iliwashwa upya, ukuta wa usalama wa mtandao ulibadilishwa, intaneti ilikatika.

Njia ya pili ni kuuliza. Kila baada ya dakika tano, tuseme, kiungo kinaiuliza hifadhidata: nipe simu mpya. Hapa kuna mtego ambao uliwahi kunigharimu wiki nzima kwenye kituo kimoja nisichokitaja. Simu zilikuwa zikipotea bila mpangilio: mhudumu yeyote, saa yoyote, siku yoyote. Kilichonifungua macho ni binti mmoja wa zamu ya asubuhi, aliyelalamika kwamba yeye hupewa wateja wagumu wenye maelezo marefu, na kwamba kila mwezi ripoti inamwonyesha kama mvivu wa mwisho. Nilipopanga simu zilizokosekana kwa urefu, zote zilikuwa ndefu.

Sababu yake ni hii. Rekodi inaandikwa simu inapokwisha, lakini tarehe iliyo kwenye safu ya calldate ni ya simu ilipoanza. Simu imeanza saa 4:03 asubuhi na kwisha saa 4:17. Saa 4:05 kiungo kinauliza, rekodi bado haijaandikwa. Saa 4:10 kinauliza: nipe zilizoanza baada ya 4:05. Saa 4:15: nipe zilizoanza baada ya 4:10. Saa 4:20 rekodi ipo tayari, lakini kiungo sasa kinataka zilizoanza baada ya 4:15. Simu ya 4:03 haitaulizwa tena milele. Simu fupi zinapona, nyingi kati yake. Ndefu zinapotea zote. Tiba ni kukiamuru kiungo kirudi nyuma kila mara kwa muda wa saa tatu au nne, na kitumie uniqueid pamoja na safu ya sequence kutambua rekodi kilizokwishachukua ili kisiandike mara mbili. Yule binti alirudishiwa posho ya miezi miwili aliyokatwa. Wengine walioondoka kabla yake hawakurudishiwa.

Kiungo kikishachukua rekodi, bado hakijaifikisha. Soma majibu ya mfumo wa wateja kwenye kumbukumbu za kiungo. Namba 200 ni kupokelewa. 401 ni kwamba tokeni au nenosiri halikubaliki tena, na mara nyingi ni kwa sababu aliyelitengeneza ameacha kazi na akaunti yake imefungwa. 429 ni kwamba mnatuma nyingi kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa. Zinazoanza na 5 ni matatizo ya upande wa pili. Swali la kumwuliza aliyeandika kiungo ni moja: ukikataliwa, unajaribu tena au unaitupa? Msishangae jibu likiwa la pili.

Kuna pia sababu nyepesi kiasi cha kuchekesha. Mhudumu mpya amepewa namba ya ndani 214, lakini hakuna aliyeiandikisha namba hiyo kwenye mfumo wa wateja. Simu zake zote zinafika, zinakosa mwenyewe, zinakataliwa. Mkikuta mhudumu mmoja hana simu kabisa, angalieni hapo kabla ya kufungua faili lolote.

Namba ile ile, sura tano

Rekodi inaweza kufika salama na bado mteja akaonekana hajawahi kupiga, kwa kuwa mfumo haukumtambua. Simu moja ya Tanzania inaweza kuandikwa ikianza na 0712, 712, 255712, +255712 au 00255712. Binadamu anaona mtu mmoja, kompyuta inaona watano. Amueni sura moja, ile ya kimataifa yenye alama ya kujumlisha na isiyozidi tarakimu 15, na kila namba isafishwe kabla ya kuhifadhiwa, upande wa simu na upande wa wateja.

Wengine hulinganisha tarakimu tisa za mwisho tu. Kwa kituo kinachohudumia nchi moja inatosha. Kwa kinachohudumia Tanzania na Kenya ni hatari: namba za 0712 zipo kote kuwili, na tarakimu tisa za mama wa Arusha zinaweza kufanana kabisa na za baba wa Nakuru. Wala msitumie namba za mwanzo kubashiri mtandao wa mteja. Kenya iliruhusu watu kuhama na namba zao mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017.

Excel ni adui mwingine. Orodha ya wateja ikipitia humo, sifuri ya mwanzo inafutika, na namba ndefu inageuka kuwa kitu kama 2.55712E+11. Ikishahifadhiwa hivyo kwenye CSV, tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. Fanyeni safu ya namba kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Kurudisha zilizopotea

Ukishajua kosa, litengeneze kwanza, jaribu kwa ile simu yako moja, halafu ndipo urudishe za nyuma. Zilizo kwenye hifadhidata ya simu zinaweza kutumwa upya zote, almradi uniqueid na sequence zinazuia marudio. Ambazo seva haikuziandika hazirudi. Pengine zipo kwenye orodha ya kampuni ya simu, bila jina la mhudumu. Ziwekeeni alama zilizorudishwa, na mwambieni msimamizi kwa maandishi ni tarehe zipi zimebadilika, kwa kuwa kuna mtu amekwishakatwa posho kwa kutumia ripoti ya zamani.

Katika heka heka hizo, msitume majedwali ya namba za wateja wala sauti zao kwenye makundi ya WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hakuna inayosamehe kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Ficheni tarakimu za katikati. Kwa kutafuta kosa, zinazobaki zinatosha.

Kesho asubuhi, kabla ya mhudumu wa kwanza kuketi, piga namba ya kituo chenu kwa simu yako. Bonyeza moja, ngoja kidogo, kata. Ukimaliza chai, fungua mfumo wa wateja ujitafute. Usipojiona, una kazi ya kufanya siku hiyo hiyo, na mapema kuliko ripoti ya Jumatatu.